Pepo, Deni na Rafiki: Uhakiki wa Michezo ya Shin Megami Tensei

Tamaa ya mwanadamu ya kutumia nguvu zisizo zake ni ya kale kuliko vitabu. Aliyekosa mali alitamani pete ya kusugua. Aliyekosa ubavu alitamani jini wa kumbebea mizigo. Aliyedhulumiwa akakosa hakimu alitamani shetani wa kumlipia kisasi. Hadithi za Alfu Lela Ulela zimejaa matamanio hayo, na watu wa Ulaya wamesimulia kwa karne nyingi habari za Faust, msomi aliyeiweka roho yake rehani kwa Ibilisi. Katika hadithi hizo zote hapana nguvu iliyotolewa bure. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na siku ya kudaiwa hufika wakati mwazimaji amekwisha izoea nguo.

Katika zama zetu hadithi hii imepata chombo kipya cha kusimuliwa, nacho ni mchezo wa video. Kitabu humwonyesha msomaji mtu mwingine akiita shetani. Mchezo humkabidhi mchezaji mwenyewe uwezo wa kuita, kisha humngoja aone atafanya nini. Tofauti hiyo si ndogo. Katika insha hii nataka kuihakiki jamii ya michezo ya Kijapani iitwayo Megami Tensei, ambayo imeshughulika na kuita pepo tangu mwaka 1987, na nitaipima kwa swali moja: je, mchezo unaosema kwa maneno kwamba mtu asifanywe chombo cha mwingine, husema hivyo pia kwa matendo unayomfanyisha mchezaji?

Yafaa tuanze na asili yake. Mwaka 1986 mtungaji wa Kijapani, Aya Nishitani, alitoa riwaya juu ya mwanafunzi wa shule aitwaye Nakajima. Kijana huyu alikuwa hodari wa kompyuta. Alipopigwa na kudhalilishwa na wenzake aliandika programu ya kuita pepo, akamwita Loki, mlaghai wa hadithi za kale za Skandinavia, ili amlipie kisasi. Loki akaja. Lakini aliyeitwa kuwa mtumwa alitaka kuwa bwana, na kijana akajikuta amefungua mlango asioweza kuufunga. Jina la riwaya, Megami Tensei, maana yake ni kuzaliwa upya kwa mungu mke, kwa sababu msichana anayemsaidia Nakajima ameelezwa kuwa ni Izanami, mama wa visiwa vya Japani katika masimulizi ya kale, aliyerudi duniani.

Kampuni ya Atlus, iliyoanzishwa mwaka ule ule wa 1986, iliitwaa hadithi hiyo ikaifanya mchezo wa mashine ya nyumbani ya Nintendo, na kampuni ya Namco ikautoa mwaka 1987. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1990. Kisha, mwaka 1992, Atlus iliiacha riwaya ikaanza upya kwa hadithi yake yenyewe, na mbele ya jina la zamani ikaongeza neno Shin, yaani halisi. Shin Megami Tensei ndiyo shina la michezo tunayoizungumza. Shina hilo limefikia sehemu ya tano, iliyotoka mwaka 2021 na kutolewa tena ikiwa imepanuliwa mwaka 2024, na limetoa matawi mengi, ambalo kubwa lao ni Persona, lililochipuka mwaka 1996.

Msomaji asiyeijua michezo ya namna hii na afikirie hivi. Mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, humpitisha katika miji na mapango, humpa silaha na ujuzi, na hukutana na maadui. Vita vyake hupiganwa kwa zamu, kama watu wawili wachezao bao: huyu hucheza, yule hungoja. Katika michezo mingi ya jamii hii duniani adui akitokea hupigwa mpaka afe, na habari yake huishia hapo. Megami Tensei ilileta jambo jipya: adui huweza kusemezwa.

Neno linalotumiwa na Wajapani katika michezo hii kwa kila kiumbe anayeitwa ni akuma, na hapa nitalifasiri kwa pepo, ingawa fasiri hiyo haitoshi. Sisi hutenga jini, pepo, mzimu, zimwi na malaika, kila mmoja mahali pake. Watungaji wa Atlus wamewatia wote katika kapu moja: Odin na Thor wa Skandinavia, Vishnu na Shiva wa Uhindi, Anubis wa Misri, Cu Chulainn shujaa wa Ireland, Amaterasu wa Japani, malaika Mikaeli, na hata Jack Frost, kijitu cha theluji ambaye amekuwa alama ya kampuni yenyewe. Kwa miaka mingi mchoraji wao alikuwa Kazuma Kaneko, naye hakuwachora kwa mzaha. Kila kiumbe hubeba jambo fulani la masimulizi ya watu wake, hata mchezaji mdadisi aweza kutoka mchezoni akaenda maktaba.

Mchanganyiko huo una mzizi katika nchi yake. Katika mtaa wa Otemachi jijini Tokyo, katikati ya maghorofa ya mabenki na makampuni, kuna kilima kidogo kinachosemwa kuwa ndicho alichozikwa kichwa cha Taira no Masakado, mpiganaji aliyeasi na kuuawa mwaka 940. Masimulizi husema kichwa hicho kiliruka angani kutoka Kyoto kurudi kwao mashariki. Watu walimwogopa Masakado kwa kisasi chake, na kwa kumwogopa wakamheshimu, na kwa kumheshimu wakamwabudu kuwa mlinzi wa mji. Katika michezo hii yeye ndiye mlinzi wa Tokyo. Pale ambapo roho ya mwasi huweza kuwa mlinzi, mpaka baina ya mungu na pepo si ukuta wa mawe. Ni kama mstari uliochorwa mchangani, na upepo ukivuma hufutika.

Sasa tutazame mapatano yenyewe. Vita vikiwa vimeanza, mchezaji huweza kuacha silaha akaanza kuzungumza. Pepo mmoja hutaka fedha, wa pili hutaka vito, wa tatu hutaka sehemu ya uhai wa mwitaji. Mwingine hataki kitu ila huuliza swali la kitendawili juu ya maisha, na jibu likimpendeza hucheka, likimchukiza hushambulia. Mkono mtupu haulambwi. Hata hivyo mkono uliojaa pia huweza kulambwa bure, kwa maana wapo pepo wanaopokea zawadi zote kisha wakakimbia. Mwezi ukiwa mpevu wengi wao hupandwa na wazimu wasisikie neno. Pepo aliye na cheo kikubwa kuliko mwitaji hakubali kumfuata. Na aliyekubali hafuati bure: katika mchezo wa mwaka 1992 kila hatua ambayo pepo hutembea pamoja na bwana wake hula akiba ya kitu kiitwacho magnetaiti, na akiba ikiisha pepo huanza kudhoofika.

Hapa mchezo umefanikiwa sana. Mchezaji hahitaji kuhubiriwa kwamba nguvu za kuazima zina gharama, kwa sababu huiona akiba ikipungua mbele ya macho yake. Hujifunza kuwa aliye mbele yake, hata akiwa na pembe na mkia, ana tabia yake, choyo chake na fahari yake. Hujifunza kupima maneno. Katika sanaa ambayo mara nyingi haijui lugha nyingine ila ya upanga, huu ni ustaarabu.

Hadithi ya mwaka 1992 huendelea hivi. Kijana wa Tokyo anaota ndoto, na ndotoni anakutana na vijana wawili. Mchezaji mwenyewe ndiye anayewapa majina. Baadaye kompyuta yake inapokea programu ya kuita pepo kutoka kwa mtu aitwaye Stephen, na pepo wanaanza kutembea mitaani. Mama yake analiwa na pepo ambaye anajivika sura ya mama huyo na kumngoja nyumbani. Kamanda wa jeshi aitwaye Gotou anapindua serikali na kuwakaribisha pepo wa kale wawe askari wa kuikomboa Japani. Balozi wa Marekani aitwaye Thorman naye yuko tayari kuuangamiza mji ili kuwaangamiza pepo. Mabomu ya nyuklia yanaanguka juu ya Tokyo. Kijana na wenzake wanatupwa mbele miaka 30, na wanaikuta nchi imegawanyika. Upande mmoja uko Sheria: watu wanaomngoja Masiya, wanaoahidi amani kwa kila atakayetii. Upande wa pili uko Machafuko: watu wanaomtukuza kila mwenye nguvu, wanaoahidi uhuru kwa kila atakayeweza kuutwaa.

Msomaji wa historia ataona kwamba hadithi hii haikuzuka hewani. Tokyo iliteketezwa kwa mabomu ya moto usiku wa Machi 9 kuamkia 10, mwaka 1945, na katika Agosti ya mwaka huo mabomu ya atomiki yalianguka Hiroshima na Nagasaki. Kisha nchi ilitawaliwa na majeshi ya washindi mpaka mwaka 1952. Gotou humkumbusha mtu Yukio Mishima, mwandishi mashuhuri aliyeingia kambini jijini Tokyo tarehe 25 Novemba 1970, akawasihi askari wainuke, na aliposhindwa akajiua. Na ahadi ya wokovu kwa watiifu haikuwa ndoto ya watungaji peke yao. Miaka mitatu tu baada ya mchezo kutoka, tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa madhehebu ya Aum Shinrikyo walimwaga sumu katika treni za chini ya ardhi za mji ule ule. Walioshtuka kwa kuliona jambo hilo walikuwa na sababu ya kuucheza mchezo huu kwa makini zaidi.

Sifa kubwa ya hadithi hii ni kwamba haimpi mchezaji mlango mzuri. Majibu yake na matendo yake huandikwa kimyakimya, na kwa hayo huvutwa kwenye Sheria, au kwenye Machafuko, au husimama katikati. Rafiki mmoja hukumbatia Sheria. Rafiki wa pili, aliyekuwa akionewa na mhuni mmoja, huchoka kuwa mnyonge na kujiunganisha mwili na pepo ili apate nguvu za kulipiza. Huyo huchukuliwa na Machafuko. Mchezaji akifuata Sheria atampiga vita rafiki wa Machafuko. Akifuata Machafuko atampiga rafiki wa Sheria. Akikataa yote mawili atapigana nao wote wawili, wale wale aliowapa majina kwa mkono wake. Njia mbili zilimshinda fisi, husema wazee wetu. Hapa njia ni tatu, na kando ya kila moja pana kaburi.

Fundisho la hadithi, basi, ni wazi. Sheria humtaka mtu awe chombo cha utaratibu. Machafuko humtaka awe chombo cha nguvu. Mwanadamu aliyesimama katikati husema: mimi si chombo cha yeyote. Ni neno zuri, nalo limegharimu.

Lakini sasa tuirudie mikono ya mchezaji, tuone imekuwa ikifanya nini muda wote huo.

Katika michezo hii mchezaji hapati nguvu kubwa kwa kuwalea pepo aliowapata. Katika michezo ya mwanzo pepo hawakui hata kidogo; kadiri alivyo siku ya kukubali ndivyo atakavyokuwa siku zote. Ili kuendelea, mchezaji huwapeleka wawili katika jumba la dini ya upotovu, na humo huunganishwa wawe pepo wa tatu. Wale wawili hutoweka. Yule mpya hutaja jina lake, hujitambulisha kwa bwana wake, na safari huendelea. Baada ya saa chache naye huwa amepitwa na wakati, na zamu yake ya kuingia jumbani hufika.

Kazi hiyo ina utamu wake, na sitaki kuuficha. Mchezaji huketi akipiga hesabu: huyu na huyu watazaa nani, na ujuzi gani utarithiwa? Ni utamu kama wa fundi anayepatanisha vipande vya mbao. Wapenzi wengi wa michezo hii husema kwamba hapo ndipo penye uhondo wenyewe, nami sipingi. Nauliza tu ni nani waliofanywa mbao. Pepo yule alisemezwa, akapewa zawadi, akatoa neno lake la kufuatana nasi, akapigana mbele yetu tulipokuwa dhaifu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na rafiki huyo, dhiki ilipokwisha, tulimtia tanuruni kwa sababu cheo chake kilikuwa kidogo. Asante ya punda ni mateke, na katika mchezo huu punda ni sisi.

Mtetezi atajibu kwamba hawa ni vipande vya mchezo tu, na hakuna anayelilia kete ya bao. Jibu hilo lingetosha kama kete ingesema. Kete haina jina, haitaji fahari yake, haiombi vito, haikasiriki kwa jibu baya. Ni watungaji wenyewe waliowapa pepo ulimi ili tuwaone kuwa viumbe wenye nafsi, na wakiisha kutufundisha hivyo, wakatutaka tusahau kila tunapoingia katika jumba lile. Hawawezi kudai faida ya ulimi bila kukubali deni lake.

Lipo tukio moja katika mchezo wa 1992 ambapo deni hilo huonekana. Kijana wetu ana mbwa nyumbani, jina lake Pascal, naye huweza kufuatana na bwana wake. Mchezaji akitaka, aweza kumpeleka Pascal katika jumba na kumwunganisha na pepo, na mbwa yule hugeuka Cerberus, mwenye jina la mbwa alindaye kuzimu katika masimulizi ya Kiyunani. Cerberus ni mwenye nguvu nyingi mno kwa wakati ule wa safari, na kwa hesabu hapana jambo lenye faida kuliko hilo. Hata hivyo mchezaji husita. Husita kwa kuwa Pascal hakuokotwa vitani; alikuwa mlangoni siku ya kwanza, kabla ya pepo na kabla ya mabomu. Kusita huko ni dhamiri. Mchezo umethibitisha kwa mbwa mmoja kwamba ungeweza kuiamsha dhamiri kwa wote, kama ungalitaka.

Mchezo wa tatu wa shina hili, uliotoka Japani mwaka 2003 na Amerika ya Kaskazini mwaka 2004, kwa jina la Nocturne, ulikaribia kuliko yote kuusema ukweli huo. Dunia huisha katika dakika za mwanzo. Tokyo hukunjika ikawa kama ndani ya mpira, na kijana wa shule hujikuta amegeuzwa nusu mtu nusu pepo. Wachache waliosalia hutafuta fikra ya kuiumba dunia upya, na kila fikra huitwa Sababu. Bwana Hikawa hutaka dunia ya utulivu mtupu isiyo na tamaa ya mtu mmoja mmoja. Isamu, mwanafunzi mwenzetu, hutaka dunia ambamo kila mtu huishi peke yake bila kumhitaji mwingine. Chiaki, mwenzetu wa pili, hutaka dunia ya wenye nguvu na wazuri tu, na wanyonge waondolewe. Sababu yake huitwa Yosuga.

Chiaki halisemi jambo hilo kwa mdomo tu. Katika Asakusa wapo Manikini, viumbe waliofinyangwa kwa udongo, ambao wamejijengea mji mdogo baada ya kuteswa sana. Chiaki akiisha kupata nguvu huwaangukia kwa mauaji. Mchezaji husimama katikati ya mizoga ya udongo, na moyo wake humkataa Chiaki.

Lakini na ajitazame kwanza. Ni nani aliyekuwa akiwatupa wanyonge ili apate wenye nguvu, tangu saa ya kwanza ya mchezo? Ni nani aliyewapima wafuasi wake wote kwa cheo na kuwaunganisha wasiofaa? Vita vya mchezo huu navyo vimepangwa hivi: ukimpiga adui mahali pa udhaifu wake hupewa zamu ya ziada, na ukikosea hupoteza zamu. Mchezaji huzoea kumtazama kila kiumbe akitafuta wapi pamelegea. Kwa hiyo Chiaki, anapoitangaza sheria yake, haleti jambo geni. Hutamka kwa sauti sheria ambayo mchezaji amekuwa akiifuata kwa vidole vyake. Katika mahali hapo hadithi na mchezo hukutana, na aibu inayompata mchezaji mwangalifu ni fundisho kubwa kuliko hotuba yoyote.

Kwa bahati mbaya watungaji hawakuufuata uzi huo mpaka mwisho. Mchezaji aweza kumkataa Chiaki kwa maneno, akamshinda vitani, na katika njia nzima asiache hata mara moja kutenda kama yeye. Na hapana anayemwuliza. Zaidi ya hayo, mchezo huo una daftari la pepo, ambamo kila aliyetoweka huweza kununuliwa tena kwa fedha. Daftari hilo hurahisisha kazi, lakini huifuta huzuni. Pasipo hasara ya kweli hapana uchaguzi wa kweli, na mauaji yanayoweza kufutwa kwa ada hayamfundishi mtu thamani ya uhai.

Tawi la Persona lilijaribu dawa nyingine. Wahusika wake ni wanafunzi wa shule, na pepo wao ni sura za nafsi zao wenyewe, fikra iliyochotwa kwa Carl Jung, mwanachuoni wa Uswisi. Katika Persona 3 ya mwaka 2006 mchezaji hutumia siku zake kufanya urafiki na watu wa mji, na kila urafiki unapokua, pepo anaowaunganisha huzaliwa na nguvu zaidi. Ni wazo la kupendeza, kwani husema kwamba nguvu ya mtu ni watu. Hata hivyo ugonjwa wa zamani haukupona ila umehama. Hapo awali pepo walikuwa ngazi ya kupandia. Sasa marafiki nao wamewekewa vidato, na mchezaji hupanga amtembelee nani leo kwa kuangalia ni nani atakayemzidishia faida.

Siwezi kumaliza bila kutaja shaka ambayo wazazi na walimu wengi wataipata, maana wengi wetu tumelelewa katika imani ya Mungu Mmoja. Mwishoni mwa sehemu ya pili ya mwaka 1994 adui mkuu hupewa jina la Mungu wa Maandiko ya Waebrania. Jambo hilo litamuumiza Mkristo, Mwislamu na Myahudi, na si haki kumwambia mtu kwamba hakuumia. Michezo hii haimfundishi mchezaji ibada yoyote, wala kuita pepo kwa kweli. Asemaye hivyo hajaicheza. Kosa lake ni jingine. Kila jina ambalo umma fulani umelitaja kwa kicho, liwe la Uhindi, la Misri au la Yerusalemu, hapa limepewa nambari ya nguvu na kutiwa katika hesabu. Ni kosa lile lile tuliloliona jumbani, nalo limepanda mpaka mbinguni: kila kitu kimekuwa chombo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Michezo ya Shin Megami Tensei ni kazi ya watu wenye akili na ujasiri. Imekataa kumdanganya kijana kwamba wema uko upande mmoja na ubaya upande mwingine, imemwonyesha kwamba amani iweza kuwa gereza na uhuru uweza kuwa chinjio, na imemfundisha kuzungumza na adui kabla ya kumpiga. Kwa hayo inastahili kuhesabiwa pamoja na kazi za sanaa zinazohakikiwa, wala si pamoja na vitu vya kupotezea wakati. Dosari yake ni kwamba mkono wake haukubaliani na mdomo wake. Mdomo husema mtu asiwe chombo. Mkono humzoeza mchezaji, mara elfu, kuwafanya wafuasi wake vyombo. Na kati ya mdomo na mkono, mkono ndio unaorudia zaidi.

Kijana atakayeicheza na aicheze akiwa macho. Asiridhike kuuliza hadithi inasema nini. Aulize pia mchezo unamfanya atende nini, na mara ngapi, na kwa malipo gani. Swali hilo litamfaa mbele ya mchezo wowote, na litamfaa zaidi atakapoingia katika shughuli za watu, ambako pia kuna vyeo na hesabu, na ambako daftari la kuwanunua tena waliotupwa halikuandikwa.